Slay the Spire kwa anayeanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wa Mwanza na kandokando ya ziwa waliozoea gemu za mpira na magari, na sasa wanasikia habari za gemu za kadi. Tumeichukua Slay the Spire kuwa mfano mkuu kwa sababu gemu nyingi za aina hii zilizotoka baadaye zimeiga umbo lake. Balatro, gemu nyingine ya kadi, tumeigusa karibu na mwisho.

Kwa kifupi, inamfaa mtu asiyewahi kucheza gemu za kadi?

Inamfaa, ilimradi yuko tayari kusoma. Haitaki vidole vyepesi. Zamu yako haina saa inayohesabu: unaweza kuweka simu chini, ukamhudumia mteja dukani, ukarudi ukaikuta pale pale ulipoiacha. Kinachowakwamisha wengi huku si ugumu wa sheria bali Kiingereza kilichoandikwa kwenye kadi, maana gemu haina Kiswahili. Maneno yenyewe ni machache na yanajirudia, tumeyaeleza hapo chini.

Haimfai anayetaka kushinda siku ya kwanza. Haiwafai pia wawili wanaotaka kukaa na pedi mbili mbele ya televisheni moja kama kwenye vibanda vya gemu. Ni gemu ya mtu mmoja, ingawa watu wawili kubishana kadi ipi itangulie ni raha yake nyingine.

Inachezwaje?

Unapanda mnara wenye sehemu tatu. Kila sehemu ina ramani ya vyumba 15 kwenda juu, kisha bosi. Unaanza na pakiti ndogo ya kadi dhaifu. Kila pigano ukishinda unaonyeshwa kadi tatu, unachagua moja au unakataa zote. Njiani unaokota pia hirizi zinazokusaidia safari nzima, chupa za dawa za kutumia mara moja, na dhahabu ya kununulia vitu dukani. Uhai ukiisha, safari imekwisha, unaanza chini na ramani mpya na kadi mpya.

Imetengenezwa na Mega Crit, studio ndogo ya Marekani. Iliuzwa kabla haijakamilika kuanzia Novemba 2017, ikatoka kamili Januari 2019. Toleo la iPhone lilifuata 2020 na la Android 2021.

Nikifa nimepoteza kila kitu?

Umepoteza safari hiyo tu. Ukimaliza safari, hata kwa kufa, unapata alama zinazofungua kadi na hirizi mpya zitakazoweza kujitokeza baadaye. Wahusika nao wanafunguka hivyo hivyo. Mwanzoni una Ironclad peke yake, ukimaliza safari naye unampata Silent, kisha Defect, kisha Watcher. Safari za mwanzo mara nyingi zinaishia sehemu ya kwanza au ya pili. Hakuna kilichoharibika, gemu imepangwa hivyo.

Zamu moja ikoje? Nieleze kwa hesabu.

Kila zamu unapata kadi 5 na nishati 3. Pembeni ya kila kadi kuna namba ya nishati inayotumia. Ukimaliza unabonyeza kumaliza zamu, kadi zilizobaki mkononi zinatupwa, adui anacheza, unapewa nyingine 5. Pakiti ikiisha, zilizotupwa zinachanganywa upya.

Jambo la kulishika kabla ya yote ni alama iliyo juu ya kichwa cha adui. Inakuonyesha atakachofanya zamu hii, na kama ni pigo inakuonyesha namba yake. Kama kwenye bao, hakuna kilichofichwa mbele yako, na ukipigwa 11 uliambiwa mapema kwamba ni 11.

Chukua Jaw Worm, mmoja wa maadui wa mwanzo kabisa. Ana uhai kati ya 40 na 44, na zamu ya kwanza daima anang'ata kwa 11. Ironclad anaanza na kadi 10: Strike tano, kila moja pigo la 6, Defend nne, kila moja kinga ya 5, na Bash moja inayotumia nishati 2, inapiga 8 na kumwachia adui hali ya Vulnerable kwa zamu mbili. Adui mwenye hali hiyo anaumia nusu zaidi kwa kila pigo.

Sasa una Bash na Strike mkononi. Ukitanguliza Strike, umepiga 6 na 8, jumla 14. Ukitanguliza Bash, Strike inapanda hadi 9, jumla 17. Kadi ni zile zile, nishati ni ile ile, mpangilio tu umekupa 3 za bure. Zamu ya pili hali bado ipo, na kwa kuwa pakiti ni ya kadi 10, zitakazokuja ni zile tano zilizobaki: kama mkono wa kwanza haukuwa na Strike zaidi ya mbili, lazima katika hizo tano kuna Strike tatu au zaidi. Piga tatu, kila moja 9, ni 27. Ongeza 17 za mwanzo unapata 44, na Jaw Worm amekwisha hata awe na uhai wa juu kabisa. Umeumia 11, na hirizi ya Ironclad inakurudishia 6 baada ya pigano.

Anayeanza hukosea hapa kwa kuogopa: anacheza Defend mbili kila zamu, pigano linakuwa refu, Jaw Worm anajiongezea nguvu, na mwishowe anaumia kuliko angepiga mapema. Kinga unayopata inafutika zamu yako inayofuata inapoanza, kwa hiyo kinga ya 15 dhidi ya pigo la 6 ni nishati uliyoitupa.

Maneno gani ya Kiingereza nisipoyajua nitakwama?

Block ni kinga, inapunguza pigo la zamu hiyo. Strength huongeza kila pigo kwa namba hiyo, kwa hiyo kadi inayopiga mara nne inafaidi Strength mara nne. Dexterity inafanya hivyo kwa kadi za kinga. Vulnerable tumeshaieleza. Weak ni anayepiga pungufu kwa robo: pigo la 11 linakuwa 8, kwa sababu desimali hukatwa. Frail ni wewe kupata kinga pungufu kwa robo kutoka kwenye kadi.

Exhaust ndilo linalowachanganya wengi. Kadi yenye neno hilo ukiicheza hairudi tena katika pigano hilo, lakini pigano linalofuata unaikuta. Haijapotea. Ethereal ni kadi ambayo usipoicheza zamu hiyo inaondoka kwa namna hiyo hiyo. Kadi zenyewe ni za aina tatu kuu: Attack za kupiga, Skill za kinga na ujanja, Power zinazochezwa mara moja na kubaki zikifanya kazi hadi pigano liishe.

Ukisahau neno, gusa kadi na kuishikilia, maelezo yanatokea pembeni. Shika pia alama zilizo chini ya adui, nazo zina maelezo yake.

Nianze na mhusika yupi?

Mwanzoni huna uchaguzi, na ni bahati nzuri, kwa sababu Ironclad ndiye anayesamehe makosa kuliko wote. Ana uhai 80 na anajirudishia 6 kila pigano. Silent ana 70, na sumu yake inahitaji subira. Defect anaongoza mipira ya umeme na barafu, hesabu zake ni nyingi. Watcher ana nguvu kupita wote, ila akiwa na hasira anapiga mara mbili na kupigwa mara mbili. Anayeanza hufa naye bila kujua pigo limetoka wapi.

Nikipewa kadi, nichukue kila mara?

Hapana, na kwa maoni yetu hapa ndipo penye tofauti kati ya anayeshinda na asiyeshinda. Pakiti ya kadi 10 unaiona yote kwa zamu mbili. Ya kadi 30 unaiona kwa zamu sita, na mapigano mengi hayafiki huko. Kadi nzuri uliyoizika katikati ya 30 inaweza isije kabisa siku unayoihitaji.

Lakini usiende upande wa pili ukawa bahili tangu chumba cha kwanza. Strike na Defend haziwezi kukuvusha, lazima uzizidi. Sehemu ya kwanza chukua kadi za kupiga zenye nguvu kuliko Strike. Kwa Ironclad, Pommel Strike inapiga 9 na kukupa kadi nyingine kwa nishati 1. Carnage inapiga 20 kwa nishati 2. Uppercut inapiga 13 na kumdhoofisha adui. Shrug It Off inakupa kinga 8 na kadi moja. Mbili au tatu za aina hiyo kabla ya kukutana na mbabe (Elite, adui mzito kuliko wa kawaida) zinatosha. Baada ya hapo jiulize swali la pakiti yako: inakosa nini? Kadi isiyojibu swali hilo, iache.

Dukani kuna huduma ya kuondoa kadi. Mara ya kwanza ni dhahabu 75, kisha inapanda 25 kila unapoitumia. Ondoa Strike. Wengi wanaona uchungu kulipa dhahabu ili wapunguziwe kitu, wananunua kadi ya nne ya wastani badala yake.

Demon Form ni kadi ya ajabu, mbona nikiichukua nafa?

Kwa sababu inakula nishati 3, yaani zamu nzima, na inaanza kulipa zamu inayofuata kwa Strength 2 kila zamu. Kwenye pigano refu la bosi ni nzuri sana. Kwenye pigano la zamu nne umetoa zamu moja bure huku ukipigwa. Ichukue ukiwa na kinga ya kutosha kuishi hadi ianze kulipa.

Kwenye ramani nipite njia ipi?

Angalia ramani nzima kabla ya kugusa chumba cha kwanza, iko wazi mpaka juu, na bosi wa sehemu hiyo anaonyeshwa. Chumba cha kwanza daima ni pigano, cha 9 daima ni sanduku la hirizi, cha 15 daima ni moto wa kupumzikia. Wababe hawatokei kabla ya chumba cha 6. Mapigano matatu ya kwanza yanachaguliwa kutoka kwa maadui wepesi, kwa hiyo usiyakwepe: ni kadi na dhahabu za bei rahisi.

Baada ya hapo tafuta njia yenye mbabe mmoja au wawili na moto karibu yake. Mbabe anatoa hirizi. Njia ya kuwakwepa wote inaonekana salama, ila unafika sehemu ya pili mtupu na unamalizwa huko na maadui wa kawaida. Njia inayogawanyika baadaye ni bora kuliko iliyonyooka, unaweza kubadili nia ukiumia.

Wababe wa sehemu ya kwanza wananimaliza. Nifanyeje?

Wako watatu, kila mmoja ana dawa yake.

Gremlin Nob ana uhai kati ya 82 na 86. Zamu ya kwanza anapiga kelele tu. Baada ya hapo kila Skill unayocheza inampa Strength 2. Defend ni Skill. Kwa hiyo ukizoea kujikinga, unamnenepesha mwenyewe. Cheza kadi zako za Skill zamu ya kwanza kabla hajakasirika, kisha piga tu, na kama una chupa ya dawa itumie hapa.

Lagavulin amelala. Anaamka mwenyewe baada ya zamu tatu, au mapema ukimuumiza, na akiwa usingizini ana kinga 8 kila zamu. Tumia usingizi huo kuweka kadi za Power na kusubiri mkono mzuri. Akiamka anapiga 18, tena 18, kisha anakupunguzia Strength na Dexterity. Huyu hapaswi kuachwa aishi muda mrefu.

Sentry wanakuja watatu kwa pamoja na wanaingiza kwenye pakiti yako kadi tupu za Dazed. Muue wa pembeni kwanza. Kadi inayopiga wote kwa mpigo mmoja, kama Cleave, inalipa sana hapa.

Na mabosi?

Slime Boss, uhai 140, anagawanyika akifika nusu au chini yake, na kila kipande kinarithi uhai uliobaki. Ukimwachia 70 unapata wawili wa 70. Mshushe hadi juu kidogo ya 70, kisha mpige pigo kubwa kuliko yote uliyo nayo. Pigo lake mwenyewe ni 35, linakuja baada ya zamu ya kujiandaa, kwa hiyo una muda wa kupanga kinga.

The Guardian, uhai 240, ukimuumiza 30 anajikunja na kukurudishia 3 kila unapocheza Attack. Akijikunja, acha kupiga ovyo. Hexaghost, uhai 250, ana jambo la ajabu: pigo lake la zamu ya pili linapimwa kwa uhai wako. Ukiwa na 80 linakuwa 7 mara sita, yaani 42; ukiwa na 40 ni 4 mara sita, yaani 24. Ndiyo maana kupumzika kwenye moto kabla yake mara nyingi ni hasara.

Kwenye moto nipumzike au niboreshe kadi?

Kupumzika kunarudisha asilimia 30 ya uhai wako wote, kwa Ironclad ni 24 akiwa na 80. Kuboresha ni kwa safari nzima. Bash ikiboreshwa inapiga 10 na hali inadumu zamu tatu. Kama huoni kwamba utakufa kabla ya moto unaofuata, boresha. Na kumbuka ukimuua bosi wa sehemu ya kwanza au ya pili uhai wako unajazwa, kwa hiyo kubaki na 15 mwishoni mwa sehemu si msiba.

Nicheze kwenye simu au kompyuta? Inakula bando?

Kompyuta ya zamani inatosha: RAM ya GB 2, prosesa ya 2.0 GHz na nafasi ya GB 1. Kwenye simu maandishi ni madogo. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuyakuza, iwashe. Kuna pia ya kuharakisha michoro, inakuokolea muda mwingi.

Bando ni la kupakulia tu. Baadaye gemu yenyewe inachezwa bila mtandao. Ukiwa na Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ingia kwenye akaunti ukiwa na mtandao, fungua gemu walau mara moja, kisha uiweke katika hali ya bila mtandao kabla hujatoka. Wanaosahau hatua hiyo hugundua wakiwa tayari wamo kwenye meli ya Nansio. Safari nzima ya mnara kwa anayesoma taratibu ni saa moja hadi mbili, inaingia kwenye safari ya Ukerewe. Kivuko cha Kamanga kinatosha pigano moja au mawili.

Umeme ukikatika katikati ya pigano?

Gemu inajihifadhi kila unapoingia chumbani. Ukirudi, unaanza pigano hilo upya na uhai uliokuwa nao mlangoni. Huhitaji UPS.

Nalipiaje?

Bei ya kawaida ni dola 24.99 kwenye Steam na dola 9.99 kwenye simu, na Steam huishusha mara kwa mara wakati wa punguzo. Njia rahisi ni kadi pepe ya Visa au Mastercard inayotolewa na huduma za pesa kwa simu. Malipo yakikataliwa, sababu ya kawaida ni salio kulingana na bei kamili bila kuacha nafasi ya makato na kiwango cha kubadilishia dola. Weka zaidi kidogo. Angalia pia nchi ya akaunti yako iwe Tanzania.

Faili za bure zinazozunguka kwenye magrupu achana nazo. Hazipati masasisho, na simu hiyo hiyo ndiyo yenye pesa zako.

Mama hataki karata nyumbani. Hii ni kamari?

Si kamari. Hakuna dau, hakuna pesa halisi inayoingia wala kutoka, na ukishanunua hakuna kinachouzwa ndani. Kadi zenyewe hazina kopa wala shupaza, ni picha za mapanga na ngao. Mwonyeshe pigano moja. Kama kuna la kumwelewa mzazi, ni muda: neno “safari moja tu” halikomi kirahisi.

Kwa nini nisianze na Balatro?

Unaweza, hasa kama kusoma Kiingereza kunakuchosha. Ilitoka Februari 2024 na inatumia karata za kawaida 52: unapewa 8, unacheza hadi 5. Lazima ujue mpangilio wa poka, ambao si wa last card wala albastini, lakini orodha iko ndani ya gemu. Lengo la kwanza ni alama 300. Jozi ya ree inakupa 32 mara 2, yaani 64. Karata tano za aina moja, tuseme K, Q, 9, 7 na 4 za kopa, zinakupa 75 mara 4, yaani 300 kamili. Tupa usizozihitaji ukitafuta aina moja, na mwanzo utauvuka. Nayo haina dau la pesa. PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupangia gemu umri wa wachezaji, iliipa umri wa 18 kwa sababu ya poka, kisha Februari 2025 ikaushusha hadi 12.

Ila Balatro haikuonyeshi adui anayejiandaa kukupiga, na sisi tunaona hapo ndipo Slay the Spire inapofundisha vizuri zaidi.

Nafika sehemu ya tatu kila mara, sishindi. Nakosea wapi?

Fungua pakiti yako uhesabu. Kama pigo lako la zamu ya nane ni sawa na la zamu ya pili, huna kitu kinachokua, na mabosi wa huko wana uhai wa mamia. Ndipo Strength, sumu au Power zinapohitajika. Kama una vinavyokua lakini unakufa zamu ya tatu, umekosa kinga. Kama chupa zako tatu bado zimejaa siku unayokufa, ulizihifadhi kwa ajili ya nani?

Kuna pia Time Eater, anayehesabu kadi zako: ya 12 inakukatia zamu hapo hapo na kumpa Strength. Wanaopenda kadi ndogo nyingi huangukia kwake. Angalia namba iliyo chini yake, na ikifika 9 au 10 fikiria kama ni bora kumaliza zamu mapema.

Nimeshinda. Kuna nini tena?

Inafunguka Ascension, viwango 20 vya kuongeza ugumu, kimoja kimoja, kwa kila mhusika peke yake. Ukishamaliza sehemu ya tatu na Ironclad, Silent na Defect, zinaanza kuonekana funguo tatu, na ukizikusanya zote katika safari moja mlango wa sehemu ya nne unafunguka. Rubi inachukuliwa kwenye moto badala ya kupumzika, yakuti ya samawati kwenye sanduku badala ya hirizi, na zumaridi kwa mbabe anayewaka kwenye ramani.